Usilale Kitandani Kabla ya Kusoma Chupa

Ndugu yangu wa Kitengela, wa Isinya, wa Kajiado mjini, nawe uliye mbali zaidi huko Bisil na Namanga, nina ombi kwako. Siku utakapoingia chumba cha urembo ili uchubuliwe uso kwa asidi, kabla hujapanda kitandani, omba uonyeshwe chupa. Isome. Kama haina maandishi, au maandishi yameliwa na asidi yenyewe hadi hayasomeki, vaa viatu uende zako. Kama ulishalipa, dai pesa zako zirudi kwa M-Pesa pale pale.

Nimetanguliza ombi ili usije ukafika katikati ukidhani nimekuja kugombeza. Sina ugomvi na mtu anayetaka uso mzuri. Anayeishi upande huu anajua uso unavyorudi nyumbani jioni: vumbi la barabara za ndani, moshi wa malori ya saruji kutoka Athi River, jua la kutwa, na maji ya kisima yenye chumvi yanayoiacha ngozi imekakamaa hata baada ya kuoga. Kuna msichana wa chuo mwenye chunusi, na madoa yaliyobaki zilipokauka. Kuna kijana ambaye kila akitoka kwa kinyozi shingo inajaa vipele vya ndevu. Kuna mama ambaye tangu mimba ya pili ana mabaka ya kahawia mashavuni, na kila shemeji akija anauliza, "Umefanya nini usoni?" Hayo si majivuno. Mtu anayeficha uso wake kila picha ikipigwa ana haki ya kutafuta nafuu, na ana haki ya kuipata bila kuungua.

Sensa ya 2019 iliikuta Kitengela na watu 154,436, katika mji ambao wazee bado wanaukumbuka ukiwa malisho. Ploti zimegawanywa, magorofa yameota, na chini ya magorofa kuna saluni na vinyozi. Humo ndani, nyuma ya pazia, kando ya mashine za kukaushia nywele, siku hizi utakuta kitanda chembamba, feni ndogo na kimeza chenye chupa. Baadhi ya vyumba hivyo ni safi, na mwenye kuvisimamia anajua afanyalo. Vingine vinaendeshwa na mtu aliyefunzwa na video za simu. Ukisimama nje hutavitofautisha, kwa kuwa bango ni lile lile na picha ya uso unaong'aa ni ile ile.

Asidi inafanya nini hasa? Ngozi ya juu hujibadilisha yenyewe kwa takriban wiki nne. Seli kuukuu husukumwa juu, zikakauka, zikadondoka bila sisi kuona. Vinyweleo vikiziba, au rangi ikirundikana mahali pamoja, ngozi hukwaruza na kuwa na madoa. Asidi iliyopimwa vyema hulegeza kinachozishikanisha seli hizo, zikabanduka kwa siku chache, na ngozi iliyokuwa chini ikajitokeza. Kwa ufupi ni jeraha la makusudi, na faida yake yote imo katika kipimo. Madaktari wamekuwa na jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1882 daktari wa ngozi wa Hamburg, Paul Gerson Unna, alieleza matumizi ya asidi ya salisiliki, resosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki, ile inayoitwa TCA. Zote nne bado zinatumika leo. Kwa hiyo atakayekuambia ana siri mpya kutoka ng'ambo, msikilize kwa adabu kisha umwombe chupa.

Zipo asidi za upole. Asidi ya glikoliki asili yake ni miwa. Ya mandeliki ilitolewa kwenye lozi chungu. Ya laktiki kila nyumba ya Kimaasai inaijua kwa ulimi, maana ndiyo inayochachusha maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ingawa humo kibuyuni haifiki asilimia mbili, na kwenye chupa ya saluni inaweza kuwa thelathini au zaidi. Ya salisiliki inapenda mafuta, hivyo huingia kwenye vinyweleo vilivyoziba, na ndiyo maana madaktari wengi huichagua kwa chunusi na vipele vya ndevu kwenye ngozi nyeusi. Kisha kuna TCA, ambayo kwa asilimia ndogo inagusa juu juu, kwa asilimia 35 inashuka hadi tabaka la kati, na kwa asilimia 50 kwenda juu inaacha makovu. Mwisho kabisa kuna fenoli. Hiyo hupenya ngozi ikaingia kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana hospitalini mgonjwa hufungwa mashine ya kufuatilia moyo wakati wa kuipakwa. Saluni yenye fenoli rafuni haina haja ya maelezo zaidi. Toka.

Asilimia peke yake haitoshi. Asidi ya glikoliki ya asilimia 30 inaweza kuwa laini au kali kulingana na ukali wake halisi, ule unaopimwa kwa pH, na pH ikishuka asidi huuma zaidi. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa vipodozi nchini Marekani lilipendekeza mipaka kwa jamii ya asidi za glikoliki na laktiki: bidhaa ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10 na pH isishuke chini ya 3.5, ya saluni isizidi asilimia 30, pH isishuke chini ya 3, ipakwe kwa muda mfupi na mtu aliyefunzwa, kisha ioshwe kabisa. Zishike namba hizo mbili za saluni, 30 na 3. Chupa ikizidi hapo kwa asilimia, au ikishuka hapo kwa pH, unaingia katika kazi ya kliniki.

Nikupeleke ndani ya chumba ambamo kazi inafanywa inavyopaswa, ili ukiingia kwingine uwe na cha kulinganisha. Kwanza unaulizwa maswali mengi hadi unachoka. Je, una mimba? Unanyonyesha? Unameza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, au ulivimeza miezi michache iliyopita? Unapaka krimu gani usiku? Je, hupata vidonda vidogo mdomoni vinavyojirudia kila ukiwa na homa? Kidonda chako kikipona, kovu huvimba na kukua kupita kidonda chenyewe? Dawa ya aspirini inakudhuru? Ulinyoa au kutoa nywele usoni wiki hii? Kila swali lina sababu, na jibu moja linaweza kuahirisha kazi kwa miezi. Kisha unapakwa tone nyuma ya sikio na kuambiwa urudi baada ya siku mbili.

Ukirudi, uso unasafishwa mafuta kwa pamba. Macho yanafunikwa kwa pamba yenye maji. Pembe za pua, midomo na kando ya macho zinapakwa mafuta mazito ili asidi isitulie hapo. Mhudumu anavaa glavu, anamimina kiasi kidogo kwenye kibakuli, anabonyeza saa, na kuanzia hapo haondoi macho usoni pako. Hapigi simu. Hasuki mtu mwingine. Ukipakwa glikoliki, muda ndio mwamuzi: dakika moja, mbili, tatu, na wekundu ukitokea mahali popote kabla ya saa kulia anasimamisha hapo hapo kwa kukupaka maji ya bikaboneti ya sodiamu. (Nasema bikaboneti iliyopimwa. Asije mtu akakupaka magadi ya ziwa letu kwa kuwa tu yako karibu. Hayo ni makali kwa namna yake na yataongeza kidonda.) Ukipakwa salisiliki utaona unga mweupe ukitanda. Hiyo ni chumvichumvi ya asidi iliyokauka, inafutika. Ila ukipakwa TCA na ngozi ikageuka nyeupe kama imepigwa na barafu, ule weupe ni protini ya ngozi yako iliyoganda. Hapo hakuna cha kurudisha nyuma. Bikaboneti haisimamishi TCA, na maji yanaosha tu kile ambacho hakijaingia. Kina cha jeraha kiliamuliwa tangu chupa ilipochaguliwa na idadi ya mipako ilipohesabiwa. Ndiyo maana nasisitiza chupa isomwe kabla. Kwa asidi hii, swali linaloulizwa baada ya kuwashwa limechelewa.

Na ngozi yetu ina tabia yake. Seli zinazotengeneza rangi zina kazi nyingi kwa watu weusi, na zikichokozwa hujibu kwa nguvu. Jeraha ambalo kwa Mzungu lingeacha wekundu wa wiki moja, kwetu linaweza kuacha weusi wa miezi au mwaka. Likienda chini zaidi, seli hizo hufa, na hapo panabaki baka jeupe ambalo huenda lisirudi rangi. Daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipoweka ngazi zake za aina za ngozi mwaka 1975, aliangalia ngozi nyeupe. Ngazi ya tano na ya sita, ambamo wengi wetu tumo, ziliongezwa baadaye. Nalitaja hili kwa sababu maelekezo yaliyochapwa kwenye chupa nyingi yameandikwa kwa ajili ya ngozi isiyokuwa yako. Mtaalamu anayejua ngozi nyeusi huanza chini, hupaka asidi ya juu juu, husubiri wiki mbili hadi nne, hurudia. Anakuambia itachukua miezi. Anayekuahidi uso mpya kufikia Jumamosi ya harusi anauza kitu kingine.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo mabango yetu yanayachanganya. Kuchubua kwa asidi kunakofanywa vizuri kunasawazisha ngozi. Hakumgeuzi mtu mweusi akawa mweupe. Ukiona chumba kinauza vyote viwili, chupa ya asidi na kopo la mkorogo wa kung'arisha mwili mzima, jua umefika mahali ambapo kipimo hakina mwenyewe. Sisi Wakenya tuna historia chungu na makopo hayo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wa wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili kwa kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi walipoacha, figo zilitengemaa. Fikiria: walipaka usoni, ugonjwa ukatokea kwenye mkojo.

Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki likapitisha azimio la kutaka haidrokwinoni izuiwe katika vipodozi kote katika jumuiya. Nchi zilizotia saini mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwishoni mwa 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondoke ifikapo 2025. Karatasi tunazo. Makopo nayo tunayo, yanauzwa kando ya steji mchana kweupe.

Ila zebaki si adui wa pekee, na pengine kwa sasa si yule anayetukuta mara nyingi. Niache nikae kidogo kwenye krimu za steroidi, zenye dawa kama klobetasoli, ambazo ziliundwa kutibu ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi kwa muda mfupi. Mtu akipaka wiki ya kwanza uso unatulia, wekundu unaondoka, rangi inafifia, anapongezwa kanisani. Akiendelea kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinaonekana, chunusi zinarudi kwa kishindo, na akijaribu kuacha uso unawaka. Sasa mtu huyo, kwa kukata tamaa, ndiye anayekwenda kuchubuliwa. Mhudumu asiyeuliza anampaka asidi ile ile, kwa muda ule ule aliompaka mwenzake jana, lakini ngozi hii ni nyembamba kuliko ya jana, na asidi inashuka mahali ambapo haikutarajiwa. Basi kama umekuwa ukipaka krimu usiyoijua, sema. Beba kopo lenyewe. Aibu ya kulitoa kwenye mkoba inapita haraka kuliko kovu.

Tuje kwa jua letu na maji yetu, mambo ambayo vitabu vya Ulaya havikuyawaza.

Ngozi iliyochubuliwa ni ngozi changa, na kwa wiki moja hadi mbili haina ngao. Nasi tunaishi karibu na ikweta, katika nyanda zilizo juu zaidi ya mita elfu moja, mahali ambapo saa sita jua linasimama utosini na mti wa kivuli uko mbali. Ukichubuliwa Ijumaa na Jumatatu ukapanda bodaboda hadi Isinya bila kofia, umelipa ili uongezewe madoa. Inatakiwa krimu ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, ipakwe kila asubuhi na irudiwe mchana, pamoja na kofia pana, mwavuli au leso. Krimu hiyo ina bei, na inaisha kabla ya mwezi. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Kama kazi yako ni kuchunga, kuuza mboga kando ya barabara au kuendesha pikipiki, na huna namna ya kupata kivuli kwa wiki hizo, ningekushauri uache kuchubua kwa sasa na uanze na hiyo krimu ya jua peke yake pamoja na dawa ya chunusi kutoka kwa daktari. Wengi hushangaa madoa yanavyofifia yenyewe yakiacha kupigwa na jua. Na usichune magamba kwa kucha, hata yakikuwasha vipi.

Maji ndiyo yananisumbua zaidi. Asidi ikimwagika kwenye jicho, kinachotakiwa sekunde hiyo ni maji safi yanayotiririka, kwa dakika kumi na tano au ishirini bila kukoma. Hayo ni maji mengi. Na wewe unajua mitaa yetu, bomba linakohoa, boza linakuja Alhamisi, na tangi la juu limeisha tangu jana. Nimeona saluni ikiosha nywele kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Nywele zinaweza kusubiri ndoo, jicho haliwezi. Kabla ya kulala kitandani, fungua bomba lililomo humo chumbani. Likitoa hewa, rudi siku nyingine.

Nanyi wahudumu wa urembo, dada na kaka zangu, sijawasahau wala siwageuki. Wengi wenu mlijisomesha kwa pesa za kusuka, mmefungua biashara bila mkopo, na mnalipa kodi ya ploti, kibali cha kaunti na mshahara wa msaidizi. Nataka mpate wateja zaidi, na mteja anayejua kusoma chupa atakuja kwako kama chupa zako zinasomeka. Weka daftari. Andika jina la mteja, tarehe, asidi, asilimia, dakika, na majibu yake kwa yale maswali. Usihamishe asidi kutoka chupa yake kwenda ya maji au ya soda, hata kwa usiku mmoja. Asidi za juu juu, za kiwango cha saluni, baki nazo ukishasomea. TCA na fenoli ziachie kliniki. Na mteja mwenye ngozi iliyoharibiwa na mkorogo, mwenye vidonda, mwenye mimba, mpeleke kwa daktari badala ya kumpa miadi. Utapoteza malipo ya siku hiyo. Utabaki na jina.

Hata walio mbali nasi wameanza kushtuka. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasinunue wala kujipaka chupa za kuchubua ngozi bila msimamizi mwenye utaalamu, kwa kuwa baadhi ya zinazouzwa mtandaoni ni kali kiasi cha kuunguza. Wenye hospitali kila kona ndio wanaoonywa hivyo, na mtandao wanaonunulia hausimami kwenye kizuizi chochote kabla ya kufika kwetu. Hapa nyumbani, mwishoni mwa Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari, KMPDC, likakifunga kituo kile. Ule ulikuwa upasuaji, haukuwa uchubuaji wa asidi, na sitaki kuvichanganya. Ninachokataa ni desturi yetu ya kukagua baada ya mazishi.

Je, uwezo wa kukagua mapema tunao? Tunao, na kwa sehemu kubwa uko Kajiado, hauko Nairobi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, haki ya afya yake kulindwa, na haki ya fidia akidhurika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaziachia kaunti huduma za afya za kaunti, maduka ya dawa na utoaji wa leseni za biashara. Yaani kaunti ndiyo inayotoa kibali kinachoning'inia ukutani mwa saluni, na afisa wa afya ya umma anayepita kukagua choo na ndoo ya taka anaweza kukagua kile kimeza cha chupa pia.

Nawe usisubiri afisa. Kwa simu yako unaweza kuthibitisha alama ya ubora iliyo kwenye bidhaa: andika SM#, ukifuatisha namba iliyo chini ya alama, utume kwa 20023, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, watakujibu bidhaa ni ya nani na kama kibali chake bado kiko hai. Anayejiita daktari mtafute kwenye rejista ya KMPDC mtandaoni. Kama ni tabibu, liulize baraza la matabibu. Jina likikosekana, umeokoa uso kwa dakika tano. Na kama hujui pa kuanzia, anza na Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela au ile ya rufaa ya Kajiado, eleza shida ya ngozi kama ungeeleza ya tumbo, na uombe barua ya kwenda kliniki ya ngozi ya Kenyatta ikihitajika. Chunusi ni ugonjwa. Usione haya kuipangia foleni.

Na wewe uliyekwisha kuungua? Najua uko, maana watu huvaa barakoa hata sasa ambapo hakuna anayewalazimisha. Mficha uchi hazai. Kama ni leo, osha kwa maji mengi yanayotiririka, usipake dawa ya meno, usipake asali wala majivu, nenda hospitali. Kama ni mwezi uliopita, bado nenda. Weusi unaofuata kuungua hutibika mara nyingi ukishughulikiwa mapema na ukikingwa na jua. Piga picha ya uso na ya chupa. Tunza ujumbe wa malipo. Peleka malalamiko kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako, na kama aliyekuunguza alijiita daktari, kwa KMPDC. Unaweza kufanya hivyo bila matusi ya mtandaoni na bila kumtangaza mtu kabla hajasikilizwa. Wewe ukinyamaza, chupa ile kesho inafunguliwa kwa msichana mwingine, naye ataambiwa haijawahi kumdhuru mtu.

Sasa ombi langu la pili, ambalo linahitaji tuwe wengi. Nataka kila chumba katika kaunti hii kinachochubua ngozi kwa asidi kiwe na karatasi moja ukutani, mahali mteja anapoiona akiwa amesimama: jina la kila asidi inayotumiwa humo, asilimia yake na pH, jina la mhudumu na mafunzo yake au namba yake ya usajili, na namba ya simu ya afisa wa afya ya umma wa wadi. Karatasi hiyo iwe sharti la kupata kibali cha biashara, pamoja na maji ya bomba au tangi ndani ya chumba. Haihitaji jengo jipya, mashine wala mfadhili. Afisa akiingia anasoma ukuta, anasoma chupa, analinganisha. Mteja naye vivyo hivyo. Mwenye saluni mwaminifu ataiandika jioni moja.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya bunge la kaunti, na bunge letu linakaa pale pale Kajiado mjini. Ombi halihitaji wakili. Katika chama chenu, katika kikundi cha wazazi, baada ya ibada, katika baraza la chifu, liandikeni kwa Kiswahili chepesi, mtaje kifungu hicho, mweleze mnataka nini na kwa nini, mtie majina, namba za vitambulisho na sahihi. Vikundi vya wahudumu wa urembo viwe vya kwanza kutia sahihi, maana sharti hili likipita wao ndio litakaowalinda dhidi ya mwenye chupa ya bei rahisi mtaa wa pili. Aliyeungua, akitaka, aambatishe picha yake bila jina. Lipelekeni kwa karani wa bunge, nakala moja mpeni mwakilishi wadi wenu mkononi, na nakala ya tatu ibaki nanyi ikiwa imepigwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa.